Sabuni na maji au kitakasa mikono kabla ya upasuaji?

Ubishi huu hauishi kwa wauguzi wa hapa Moshi. Kwa kuzuia kidonda kutunga usaha, utafiti wa Kijabe, Kenya, uliochapishwa 2010, ulikuta vyote viwili vinakaribiana sana.

Tofauti iko kwenye maji. Nimemwona daktari povu limemfika kwenye viwiko, bomba likakata, na mgonjwa tayari yuko mezani. Inauma. Hapo kitakasa kinashinda, tena famasia ya hospitali inaweza kukichanganya yenyewe kwa fomula ya Shirika la Afya Duniani: ethanoli asilimia 80, gliserini na haidrojeni peroksaidi kidogo.

Ila mikono yenye uchafu wa kuonekana, sabuni kwanza. Bomba lenu halikatiki? Bakini na sabuni. Mnaishi kwa ndoo? Anzeni kuchanganya.