Canon RF 100-400 kwa picha za ndege wanaoruka: uzoefu wangu hapa Ziwa Victoria, Mwanza

Habari wadau. Wengi mmekuwa mkiniuliza hii lenzi ya Canon RF 100-400mm f/5.6-8 kama inaweza kweli kupiga ndege akiwa hewani au ni ya simba waliolala tu, sasa nimeshaitumia vya kutosha kando ya ziwa naandika yote hapa mara moja. Bodi (kamera yenyewe bila lenzi) ninayotumia ni Canon R10. Jibu langu ni kwamba kwa mtu anayejifunza kupiga ndege wanaoruka, hasa huku kwetu ambako mwanga upo wa kumwaga, sijaona lenzi ya kuanzia inayoizidi hii, na sababu kubwa wala sio ukali wa picha, ni uzito.

Lenzi ina gramu 635. R10 ukiiweka betri na kadi ni gramu 429. Yaani mzigo mzima ni kilo moja na kitu kidogo. Kuna jamaa yangu ana Sigma 150-600 Contemporary, lenzi peke yake ni gramu 1,930 bado bodi, bado adapta, na ni lenzi nzuri sana siibezi, inafika mbali kuliko yangu, lakini tukikaa pale kwenye mawe ya Capri Point mdiria anapoanza kuning'inia hewani yule jamaa ndo kwanza anainua kamera, mimi yangu iko jichoni tangu zamani. Ndege hakupigii hodi. Anayempata ni yule ambaye kamera ilikuwa juu kabla ndege hajafika, na kamera nzito huwezi kukaa nayo juu, mkono unaanza kutetemeka unashusha, ukishusha tu ndo anapita. Sasa zidisha hiyo kwa asubuhi nzima utaona nani amefanya mazoezi mengi zaidi, na hii kazi ni mazoezi tu, mwili unajifunza, miguu, kiuno, mabega. Elekeza miguu kule ndege ATAKAKOISHIA sio anakotokea, halafu geuka kwa kiuno kumfuata, ukifanya hivyo unamaliza mzunguko ukiwa umesimama vizuri. Ukielekeza miguu anakotokea unafika katikati umejisokota na picha ya mwisho ambayo ndo nzuri unaikosa.

Kuhusu umbali, sensa ya R10 (kile kipande cha ndani kinachonasa picha) ni ndogo kwa hiyo unazidisha mara 1.6, ile 400 inaona kama 640 kwenye kamera ya fremu nzima (yenye sensa kubwa). Inatosha. Ila msianze na 400. Anza na 100 au 200 umuone ndege kwenye kioo cha kuchungulia, kamera ishike fokasi, ndo uvute taratibu huku unamfuata. Hapa ndo lenzi ya kuvuta inaishinda ile ya urefu mmoja kwa anayejifunza, maana kumtafuta mbayuwayu kwenye anga tupu ukiwa na 640 tayari ni kazi ya kukata tamaa. Na zoezi ambalo halihitaji hata ndege: mtazame mtu yeyote au pikipiki kwa mbali, bila kuondoa macho inua kamera mpaka jichoni, iwe umemweka katikati. Rudia hata ukiwa uani kwako.

Haya, mwalimu wangu mkuu ni mdiria, yule mweusi na mweupe aliyejaa kila mahali ziwani, dume ana mikanda miwili kifuani na jike mmoja. Watu wanamdharau kwa sababu wanamwona kila siku, wanataka furukombe akinyakua samaki basi. Lakini mdiria ana tabia moja ambayo ni zawadi kwa mpiga picha, anasimama hewani palepale anapiga mabawa huku kichwa kimetulia kabisa anatazama maji, halafu anajitupa. Akiwa amening'inia unapata muda wa kumweka kwenye fremu, kushika jicho, kuangalia setingi, kupiga, na akikosa samaki anapanda tena pembeni kidogo anaanza upya na wewe unaanza upya. Hakuna ndege mwingine wa ziwani anayekupa nafasi ya kurudia hivyo. Yangeyange ndo wa pili kwa urahisi, mkubwa, anaruka polepole, na jioni wanarudi kulala kwa makundi wakifuata njia ileile. Mnandi anaruka chini karibu na maji kwa mstari ulionyooka, huyo anakufundisha kugeuka kwa mwendo mmoja. Mwewe ukimtaka nenda Kirumba pale Mwaloni wanapoanika dagaa, wanashuka kunyakua mabaki wenyewe bila kuitwa, ila omba ruhusa kwanza kwa watu wa pale, wako kazini na sio kila mtu anapenda kamera imwelekee.

Furukombe tunaye pia, ukivuka kwenda Saanane, ile iliyopandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2013, ni mwendo mfupi tu wa boti kutoka mjini. Ila nendeni huko mkono ukishazoea mdiria.

Sasa hili la upepo na jua naomba mlisome vizuri maana hakuna lenzi ya bei yoyote italifidia. Ndege anaruka na kutua akiukabili upepo. Huku Mwanza ziwa liko magharibi yetu, na asubuhi upepo unatoka nchi kavu kwenda ziwani, mchana unageuka unatoka ziwani kuja mjini. Maana yake asubuhi ukisimama ufukweni unatazama maji, jua liko mgongoni kwako linamulika kifua cha ndege, na upepo nao uko mgongoni kwako kwa hiyo ndege anatua anakutazama wewe. Alasiri vyote vinageuka, jua liko machoni, ndege anakupa mkia na uso wake ni kivuli kitupu. Ndo maana nasema saa moja mpaka saa tatu asubuhi, basi. Baada ya saa nne joto linaanza kucheza juu ya maji, picha ya ndege wa mbali inakuwa laini haina ukali hata fokasi iwe sahihi kiasi gani, na watu wengi hapo wanailaumu lenzi wakati ni hewa yenyewe inatetemeka. Dawa yake ni kusogea karibu au kwenda kunywa chai.

Tuje kwenye kile ambacho kila mtu analalamikia, kwamba ikifika 400 uwazi wake (tundu la kupitisha mwanga) ni f/8. Ni kweli ni giza kwenye makaratasi. Lakini piga hesabu, jua likiwa limewaka vizuri, f/8 na shata 1/2000 (sehemu moja ya 2000 ya sekunde) unahitaji ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ya 500 hivi, ambayo ni safi kabisa. Asubuhi mapema jua likiwa bado chini unapanda 1600 mpaka 3200. Siku ya mawingu ya masika unafika 6400 hapo chenga (vile vidoadoa kwenye picha) zinaonekana, programu za siku hizi zinazisafisha vizuri lakini manyoya nayo yanapoteza kidogo. Kwa hiyo f/8 ni tatizo la wale wanaopiga msituni au magharibi giza likiingia. Ziwani peupe hakuna mti unaokuzibia, mimi hainisumbui. Na lenzi ya f/4, yenye uwazi mkubwa zaidi, ya urefu huo bei yake ni ya kununulia kiwanja.

Shata: yangeyange 1/1250 inatosha, mnandi na mwewe 1/1600, mdiria 1/2500 na akijitupa hata 1/3200. Ile stebilaiza ya lenzi (inayopunguza mtikisiko wa mkono) wanasema ni stopu 5.5, kwenye spidi hizi haina kazi kubwa kwenye picha yenyewe, ila inatuliza kile unachokiona kwenye kioo na R10 haina stebilaiza ndani ya bodi kwa hiyo iacheni imewashwa.

Na ISO msiiachie kamera ijipangie yenyewe mkiwa ziwani. Mwanga unaomwangukia ndege ni uleule dakika nzima, kinachobadilika ni nyuma yake tu. Akipita mbele ya anga jeupe kamera inaona mwanga mwingi inatia giza, akishuka mbele ya mawe meusi kamera inaongeza mwanga na yangeyange anaungua anakuwa karatasi nyeupe isiyo na unyoya hata mmoja. Weka vyote kwa mkono, pima kwenye kitu cheupe kilichopigwa na jua, jiwe la Bismarck kwa mfano lilivyo jeupe kwa vinyesi vya ndege linafaa sana, piga picha moja angalia histogramu (ile grafu ya mwanga wa picha), ukishapata acha hivyo mpaka jua libadilike. Kwa mnandi ongeza kidogo maana ni mweusi.

Fokasi ya R10 iweke kwenye sevo (inaendelea kumfuata ndege anavyosogea), utambuzi wa wanyama uwashwe (ndege wamo), na mimi fokasi nimeihamishia kwenye kitufe cha AF-ON nyuma ili kidole cha shata kiwe na kazi moja tu. Ndege akiwa kwenye anga inashika jicho haraka mpaka raha. Mota ya lenzi ni ile Nano USM, haina kelele na haichelewi. Akishuka karibu na mawimbi yanayometameta au mbele ya matete, hapo kamera yoyote ile inaweza kuvutwa na kile kinachong'aa, kwa hiyo mshike mapema angali juu ushuke naye, usimsubirie chini. Kwa spidi tumia shata ya mekanika, inafika fremu 15 kwa sekunde. Ile ya elektroniki inafika 23 lakini sensa ya aina hii inasomwa mstari kwa mstari, sasa bawa la mdiria linakuwa limeshasogea kabla mstari wa mwisho haujasomwa, linatoka limepinda. Kwa yangeyange anayeelea sawa. Na pigeni vipande vifupi vifupi, ukikandamiza kitufe moja kwa moja bafa (kumbukumbu ya muda ya kamera) inajaa na kamera inakusimamisha wakati ndo anatoka majini na samaki.

Kuna ushauri mtaukuta mwingi wa watu wa Ulaya kwamba lala chini ndani ya maji ya kina kifupi upate picha ya usawa wa ndege. Picha zao ni nzuri kweli. Hapa kwetu NAWAOMBA MSIFANYE HIVYO, Ziwa Victoria lina kichocho na kuna mamba. Ukitaka usawa wa maji lala juu ya jiwe kavu, au kodi mtumbwi na mvuvi anayeyajua maji hayo na muvae maboya, na hapo wepesi wa hii lenzi unauona tena maana mtumbwi unayumba, tripodi haina kazi.

Lingine linaloniumiza ni watu kurusha mawe ili yangeyange waruke wapate picha. Yule ndege ametulia pale anasubiri kula, au yuko kwenye kiota. Picha ya ndege aliyeshtushwa hata inajionyesha, mkia kwako, shingo imekazwa, anakimbia. Subiri, ataruka mwenyewe, na kabla hajaruka mara nyingi anajisaidia na kuinama mbele kidogo, ukiona hivyo anza kupiga.

Upungufu wa lenzi ambao mjue kabla ya kununua. Haina kinga ya maji na vumbi, kwa hiyo manyunyu ya mawimbi na mvua ni hapana, mimi natembea na mfuko wa plastiki na kitambaa. Wale wadudu wa ziwani wanaopanda juu kama moshi nao wanaganda kwenye kioo cha mbele, na ndo wakati ambao mbayuwayu na membe wanajaa kuwala kwa hiyo hutaki kuondoka, weka filta ya milimita 67 uwe unafuta hiyo. Kofia yake ya kuzuia mwanga, ET-74B, haiji kwenye boksi, inauzwa pembeni. Haina pete ya kufungia tripodi. Bei, ilipotangazwa 2021 Marekani ilikuwa kama dola 650, huku kwetu ongeza usafiri na kodi, ulizeni maduka zaidi ya moja maana tofauti ni kubwa. Mkinunua iliyotumika muiwashie tochi ya simu kutoka nyuma mtazame ndani kama kuna ukungu (kuvu), unaonekana kama nyuzi nyeupe, na lenzi zilizokaa mikoa yenye unyevu zinao sana. Mkiikuta hiyo achaneni nayo hata ashushe bei.

Membe wale wahamiaji wanakuwa huku kuanzia karibu Septemba mpaka Aprili, mwenye R10, R50 au R7 na hii lenzi aje asubuhi upande wa Kamanga tupige.