ISO 22301: kiwango kizuri, ila kwa mlipuko wa ugonjwa kinahitaji nyongeza

Taasisi inayotaka kazi zake zisisimame wakati wa dharura haitajuta kununua kiwango cha ISO 22301, yaani waraka wa masharti kutoka ISO, shirika la kimataifa la viwango, toleo la pili la mwaka 2019.

Nguvu yake iko kifungu cha 8.2. Hapo unalazimika kuorodhesha shughuli, kupima jinsi madhara yanavyoongezeka kadiri zinavyokaa bila kufanyika, kisha kutaja mida miwili: ule ambao ukipita madhara hayavumiliki, na ule mfupi zaidi ambao kazi lazima iwe imerudi, walau kwa kiwango cha chini kinachokubalika. Wengi huruka hatua hii, wakakusanya namba za simu na kuziita mpango.

Upungufu uko 8.4. Kila timu inatakiwa iwe na wahusika na makaimu wenye mamlaka na ujuzi. Sharti zuri, lakini halisemi kaimu akae wapi. Moto huunguza jengo, watu wakabaki. Ugonjwa huliacha jengo zima ukaondoa watu, na wanaokaa pamoja huondoka pamoja. Tazama mishahara: mwandaaji mmoja, waidhinishaji wawili wa malipo ya benki, wote chumba kimoja. Akiugua mmoja, wote watatu wako karantini, na kile kifaa cha benki cha kutoa namba za siri kimefungiwa kwenye droo. Kaimu yupo kwenye karatasi tu. Benki haina saini yake.

Kwa hiyo ongezeni wenyewe: watu 3 kwa kila kazi nyeti, wa tatu awe zamu nyingine au jengo jingine. Saini na ruhusa za mfumo ziombwe sasa, wakati kuna utulivu. Kila robo mwaka kaimu aifanye kazi yenyewe mwanzo hadi mwisho, mwenye kazi asiguse kitu. Hapo ndipo hujitokeza nywila iliyo kichwani mwa mtu mmoja.

Kifungu cha 8.5 kinataka mazoezi kwa vipindi vilivyopangwa, bila kutaja idadi. Msiigize moto peke yake. Chagueni kwa bahati nasibu watu 4 kati ya 10, waondoeni kwa siku nzima, simu zao zizimwe, muone kipi kinakwama kwanza.

Cheti si lazima. Ofisi ndogo inaweza kufuata 8.2 hadi 8.5 bila mkaguzi wa nje. Anayetaka maelezo ya utekelezaji atafute ISO 22313 ya mwaka 2020, maana 22301 inatoa masharti tu.