Tathmini ya tune2fs na e2fsck kwa kompyuta zilizo mbali na fundi

Kwa fundi anayekaa Moshi na kusimamia kompyuta za Linux zilizoko katika shule na zahanati za Rombo, Mwanga na Same, programu mbili za kifurushi cha e2fsprogs, yaani tune2fs (ya kupanga mfumo wa mafaili, ule utaratibu wa kuhifadhi mafaili kwenye diski) na e2fsck (ya kuukagua na kuurekebisha), ni za thamani kubwa kuliko zinavyosifiwa. Ni za bure, na hutangulia kugundua hitilafu katika mfumo wa mafaili kabla kazi za watu hazijapotea.

Kasoro ya kwanza ni kwamba, katika diski zinazoandaliwa siku hizi, ukaguzi wa mara kwa mara huwa umezimwa. Ukiendesha tune2fs -l pamoja na jina la sehemu ya diski, kwenye mstari wa idadi ya juu ya kuunganishwa (Maximum mount count), yaani mara ambazo mfumo wa mafaili hufunguliwa kutumika kabla ya kukaguliwa, utakuta -1, maana yake umezimwa. Ni kweli kwamba ext4, mfumo wa mafaili unaotumika sana katika Linux, huweka kumbukumbu ya mabadiliko, na umeme ukikatika hujiweka sawa mashine inapowaka. Lakini kumbukumbu hiyo haioni diski inayochakaa wala RAM mbovu. Kwa hiyo mimi huandika tune2fs -c 30 -i 1m na jina la sehemu hiyo ya diski, ili ukaguzi ufanyike mashine inapowashwa baada ya kuunganishwa mara 30 au baada ya mwezi mmoja, lolote litakalotangulia. Katika maabara ya shule ni vema kila kompyuta ipewe idadi yake, wanafunzi wasije wakakuta mashine zote ziko kwenye ukaguzi asubuhi moja. Palipo na betri ya saa iliyokufa, tegemea idadi, kwa maana tarehe ya mashine hiyo haiaminiki.

Jambo zito zaidi ni kinachotokea hitilafu kubwa ikipatikana. Kwa kawaida e2fsck hurekebisha yale tu yasiyo na hatari. Yakizidi hapo, mashine husimama kwenye skrini nyeusi ikisubiri mtu wa kibodi, ilhali SSH, njia ya kuiendesha mashine ukiwa mbali, bado haijawaka, na fundi hana budi kupanda gari hadi Tarakea. Kuongeza fsck.repair=yes katika mipangilio ya GRUB, programu inayoiwasha Linux, huondoa kikwazo hicho, kwa sababu kila swali hujibiwa ndiyo. Naipendekeza kwa moyo wote kwa kompyuta za wanafunzi. Kwa mashine ya zahanati yenye kumbukumbu za wagonjwa zisizo na nakala mahali pengine, siikubali hata kidogo: vipande vya mafaili vinaweza kuishia katika lost+found, folda ya vilivyookolewa, bila majina, na hapo bora fundi asafiri.

Wanaotumia XFS, mfumo mwingine wa mafaili, wasitarajie chochote hapa, kwani programu yake ya ukaguzi, fsck.xfs, imeundwa makusudi isifanye kazi yoyote isipolazimishwa.

Upungufu unaonisumbua hadi leo ni taarifa. Programu hizi hazimjulishi fundi aliye mbali. Katika Debian, mojawapo ya matoleo ya Linux, matokeo hubaki ndani ya /run/initramfs/fsck.log, nayo hufutika mashine ikizimwa, hivyo ni lazima uandike skripti yako ya kuyatuma mapema.