Kontrola ya wifi OC200: uzoefu wangu kwa hosteli moja Maseno

Mimi ndio naangalia wifi ya hosteli moja ya wanafunzi Maseno, ghorofa nne, akses pointi (vile visanduku vya kurusha wifi) 14, na mimi mwenyewe nakaa Kisumu mjini. Kabla ya hii kontrola (kifaa kimoja cha kusimamia akses pointi zote), kubadilisha paswadi tu ilikuwa kazi ya siku nzima juu unaingia kila akses pointi kivyake, moja, mbili, mpaka 14, na ukikosea herufi moja kwa ile ya ghorofa ya tatu utapigiwa simu "bosi wifi imekataa" na wewe ushapanda matatu ya kurudi.

Nikanunua kontrola ya OC200 ya Omada, vifaa vya wifi vya TP-Link. Ni kakisanduku kadogo tu lakini kanasimamia hadi vifaa 100 na hakadai leseni ya kila mwaka, hapo ndio walinipata. Kama una kompyuta inayowaka saa zote unaweza weka programu yao ya bure, kazi ni ile ile, lakini kompyuta ya kuwaka usiku kucha hosteli nitaitoa wapi. Ukiichomeka kwa swichi ya netiweki (ile inayounganisha waya za akses pointi) inaziona akses pointi za Omada yenyewe, shida ilikuwa yangu, nilikuwa nimesahau paswadi za zamani za kama tano hivi ikabidi nipande ngazi na pini niziriseti.

Sasa, spidi haikuongezeka, bando ni ile ile. Chenye nilipata ni macho. Kufungua tu naona ghorofa ya pili karibu zote ziko chaneli (njia ya mawimbi) moja zinapigiana kelele, tena nguvu iko juu kabisa (niliweka mimi, nikidhani nasaidia). Nikazigawa 1, 6 na 11 upande wa 2.4 GHz (moja ya masafa ya wifi), hizo hazigongani, nikashusha nguvu, zote nikiwa nimekaa hapo chini. Mtu akitoka chumbani kwenda jikoni simu yake ilikuwa inang'ang'ania akses pointi ya mbali mpaka net inakufa, siku hizi inaiachilia.

Kitu moja uangalie ni stima yake. Inakubali PoE (stima inayopita kwa waya wa netiweki) ama micro USB, na mimi kwa uvivu nikaichomeka kwa chaja ya simu kwa chumba cha keateka. Jumamosi moja naambiwa ukurasa wa vocha (ule wa kuweka kodi ndio uingie wifi) haufunguki. Walioingia mapema wako sawa, wapya ndio wamekwama, maana akses pointi zinaendelea kurusha wifi hata kontrola ikizima lakini vocha lazima kontrola izikague. Matatu hadi Maseno. Kufika, mzee keateka amechomoa waya, anachaji simu yake ya kabambe.

"Nilidhani ni chaja imeachwa tu hapo kijana wangu."

Saa hii inakula stima kwa swichi ya PoE, swichi iko kwa UPS (betri ya akiba stima ikipotea), na mzee nimemnunulia chaja yake.