TAHADHARI: Anauza "maswali halisi" ya testi za urubani hapa Dar, usimpe hela yako

Wakuu habarini. Nimekaa na jambo hili miezi mitatu kwa aibu, maana mtu mwenye leseni ya urubani akisema ametapeliwa hela ya mtihani, wa kwanza kumcheka ni ndugu zake. Ila juzi mdogo wangu mmoja aliyemaliza chuo Afrika Kusini kanipigia, ananiuliza kama namfahamu "Kapteni" wa Sinza, eti kuna darasa zuri la aptityudi (testi za kupima uwezo wa mwombaji kazi ya urubani) na nafasi zimebaki nne. Hata sisi zilibaki nne. Nikajua jamaa bado yuko kazini.

Kwa wasio wa fani hii: ukimaliza CPL, yaani leseni ya rubani wa biashara, unatoka na saa mia mbili na ushee za kuruka. Ajira za hapa nyumbani ni chache, na mashirika makubwa ya nje, kabla mtu yeyote hajakuona uso, hukukalisha kwanza mbele ya kompyuta. Kuna hesabu za kichwa, kuna kumbukumbu, kuna kutazama vyombo viwili vitatu na kusema ndege imeelekea wapi, na kuna ile ya kufukuza nukta kwenye skrini kwa joistiki huku sauti ya masikioni inakutajia namba. Ukianguka, mashirika mengi hayakupokei tena mpaka ipite miezi kadhaa, mengine mwaka mzima. Wakati huo medikali (cheti cha afya cha rubani) ya daraja la kwanza inataka kuhuishwa kila miezi 12 kwa hela yako mwenyewe, na mama mwenye nyumba hajui kama wewe ni rubani. Mtu wa namna hiyo, ukimwambia una maswali, hakuulizi umeyatoa wapi.

Mimi niliingizwa kwenye grupu la WhatsApp na mtu niliyesoma naye, naye aliingizwa na mwingine. Picha ya grupu ni ndege inapaa, maelezo yanasema "tumeidhinishwa na TCAA", yaani Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Kila siku asubuhi inadondoka picha ya skrini ya mtu anashukuru: "Kapteni nimepita, Mungu akubariki." Namba ya mshukuruji imefichwa kwa wino mwekundu. Bei ya darasa ni 1,200,000, ila kuna ofa ya 850,000 inayoisha saa sita usiku. Ofa hiyo iliisha saa sita usiku siku kumi na moja mfululizo, nilizihesabu baadaye.

Hela nilipewa na mama, aliikopa kwenye kikoba chao cha Tabata. Nilipotuma, jina lililotokea kwenye simu lilikuwa la mtu binafsi, la mwanamke. Nikauliza. Nikajibiwa, "Huyo ni mhasibu wetu, kaka, usiwe na wasiwasi." Nikabonyeza. Ningekuwa namshauri mtu mwingine ningemwambia aache palepale, lakini ushauri wa kumpa mwenzio huwa rahisi.

Darasa lilikuwa Jumamosi, ghorofani Sinza, juu ya duka la dawa. Tulikuwa wanane, kompyuta mpakato nne, feni moja ya kusimama na joistiki moja. Hiyo joistiki kitako chake kilikuwa kimezungushwa selotepu nyeusi, na ukiiachia, nukta kwenye skrini inajiendea kushoto yenyewe. Dada mmoja akasema, "Samahani Kapteni, hii inavuta." Kapteni akamjibu kwamba hiyo ni tabulensi, imewekwa makusudi. Tukacheka. Alikuwa amevaa shati jeupe lenye mistari minne mabegani, Jumamosi, Sinza, kwenye joto lile. Nimekutana na makapteni wa kweli kadhaa pale Terminali 1 na hakuna niliyewahi kumwona akitoka kula chipsi mayai na mistari yake mabegani.

Kisha tukapewa "siri" yenyewe: PDF ya kurasa 312, tukaambiwa tuichape stesheneri na tusimpe mtu. Ukurasa wa 18 kulikuwa na swali la mwelekeo wa kinyume: ndege inaruka mwelekeo wa nyuzi 075, kinyume chake ni ngapi? Jibu lililowekewa alama ya vema lilikuwa 265. Jamani. Jumlisha 200, toa 20, unapata 255. Mtoto wa wiki ya pili ya graundi skuli, masomo ya darasani ya urubani, anaijua. Njia ya kurukia ya hapa uwanja wa ndege wa JNIA yenyewe upande mmoja inaitwa 05 na wa pili 23, yaani 050 na 230, ni hesabu hiyohiyo imeandikwa chini kwa rangi nyeupe. Nikamwonyesha, akasema, "Weka na upepo hapo, rubani." Kila kasoro yake ilikuwa na upepo wake. Nami nikanyamaza, kwa kuwa hela ya mama ilikuwa imeshakwenda na sikutaka iwe imekwenda bure.

Ukurasa wa 41 ndio ulionifumbua macho, ila nimeuona nikiwa nimeshachelewa. Kona ya chini kushoto kuna nusu ya anwani ya tovuti ambayo hawakuifuta vizuri. Nikaitafuta. Ni mifano ya bure ya mazoezi, iko wazi kwa kila mtu, huhitaji hata kujiandikisha. Zile hesabu za wastani za nyuma ya PDF nadhani zimetoka kwenye kitabu cha darasa la saba, maana kuna mahali ndege imegeuka kuwa "basi" katikati ya swali.

Lakini darasa lenyewe lilikuwa chambo tu. Wiki mbili baadaye ikaja barua pepe ya "shirika", nembo safi kabisa, inasema wanafunzi wa Kapteni wametengewa nafasi za tathmini. Anwani ilikuwa na jina la shirika, halafu kistari, halafu neno la ziada. Kulipia nafasi 400,000, kwenye namba ileile ya yule "mhasibu". Na tutume nakala ya pasipoti, leseni, medikali, kurasa za mwisho za logibuku (kitabu cha saa za kuruka) na namba ya NIDA. Nililipa. Nikatuma vyote. Siku ya "tathmini" ikafunguka fomu ya mtandaoni ya maswali ishirini, yote kutoka kwenye PDF, pamoja na lile la 075. Tulipata mia kwa mia wote wanane. Tulipongezana usiku ule kama waliooa. Kesho yake wakadai 2,600,000 ya simuleta (mashine ya kuigiza kuruka) ya Nairobi. Wenzetu wawili wakalipa, mimi sikulipa kwa sababu sikuwa nayo, wala msinihesabie ujanja. Siku ya tatu grupu likafungwa na simu ya Kapteni haipatikani mpaka leo.

Sasa kilichonifanya nielewe vizuri nimeibiwa nini. Kipindi hichohicho nilikuwa nimeomba kazi kwa njia ya kawaida kwenye shirika jingine, wakaniita kwenye testi ya kweli. Niliingia nimekariri PDF. Ndani ya dakika tano nilijua sina kitu. Testi za aina hii hazina karatasi ya maswali inayoweza kuvuja. Programu inazalisha namba palepale: wewe unapewa 47 mara 6, aliye kiti cha pili 38 mara 7. Nyingine zinakupima huku zinapanda, ukijibu sawa swali linalofuata linakuwa gumu zaidi na muda haukusubiri. Kwenye kumbukumbu unaonyeshwa mwelekeo, kimo na masafa ya redio kwa sekunde chache, vinafutika, halafu unaulizwa kimo kilikuwa kingapi. Utakariri nini hapo? Ile ya kufukuza nukta ndiyo kabisa. Huwezi kununua jibu la mkono wako kutulia.

Majina ya testi mtakayokutana nayo ni COMPASS, PILAPT, na Cut-e ambayo tangu 2017 iko chini ya Aon. Wajerumani wana taasisi yao ya DLR, huwapimia watu Hamburg. Kila moja ina tabia yake, ndiyo maana hatua ya kwanza ni kujua shirika unaloomba linatumia ipi, halafu ufanyie mazoezi aina hiyo. Programu za mazoezi za kulipia zipo na nyingine ni nzuri, watu wanafaulu kwazo. Tofauti yake ni kwamba zinakuuzia mazoezi yanayobadilika kila ukifungua, hazikuahidi swali. Akisema "haya ndiyo yatakayotoka", funga mazungumzo.

Mimi sasa hivi najifua hivi, kwa anayetaka. Asubuhi nusu saa ya hesabu za kichwa bila kalamu, hasa zile za kazini: uko futi 36,000 unataka kufika 3,000, tofauti ni elfu 33, chukua 33 mara tatu, anza kushuka maili 99 za baharini kabla. Kasi ya ardhini noti 140 kwenye mteremko wa nyuzi tatu, mara tano, unashuka futi 700 kwa dakika. Natembea kwenda kituoni huku nageuza namba za daladala kuwa mielekeo ya kinyume, watu wananiona nasogeza midomo. Jioni joistiki, niliitafuta Kariakoo, ya mtumba lakini haivuti kushoto. Mkono mmoja unafukuza nukta, kaka yangu ananisomea hesabu kwa sauti, nikikosea anapiga meza. Na ukipewa testi ya kufanyia nyumbani, usiifanyie kwenye simu, wala usitegemee umeme wa mtaani kwako. Kompyuta iwe na chaji, bando liwe kwenye laini mbili. Luku ikiisha katikati ya swali, mtahini wa ng'ambo hatakuelewa hata ukieleza kwa Kiingereza cha Malkia.

Kuhusu TCAA. Mamlaka huidhinisha vyuo vya mafunzo ya anga, na orodha ya vyuo hivyo ipo, ofisi zao ziko Ukonga Banana, daladala inakushusha karibu. Jina alilotupa Kapteni halimo. Ni nauli ambayo nilipaswa kuitumia kabla ya zile 850,000. Akikwambia ni kampuni, muulize jina kamili ulitafute kwenye mfumo wa BRELA, wasajili wa makampuni. Sisi tulipewa jina ambalo halikuwahi kusajiliwa.

Niwe mkweli kuhusu ada pia, maana kuna watu wataniambia hapa chini kwamba wao walilipa na walipata. Vipo vyuo na programu za makadeti za nje zinazotoza ada ya tathmini. Sikatai. Lakini ada hiyo unaikuta kwenye tovuti yao yenyewe, unalipia hukohuko kwa jina la taasisi, na risiti inakuja. Haipiti kwenye simu ya "mhasibu" wa mtu. Mashirika kadhaa makubwa yameweka onyo kwenye kurasa zao za ajira kwamba hayatozi mwombaji hela. Ingia huko kwa kuandika anwani mwenyewe, usifuate linki ya kwenye grupu.

Waliokwisha kuliwa: namba yake itumeni TCRA kwenda 15040. Nendeni kituoni mchukue RB, chukueni na miamala yote na picha za skrini kabla hamjaondolewa kwenye grupu, maana ukishatolewa baadhi ya vitu hutaviona tena. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015, na askari niliyemkuta aliniuliza swali moja tu la maana: "Mko wangapi?" Nilikwenda peke yangu, nikaona nilivyokosea. Wenzangu saba bado wanaona aibu. Na kama ulituma namba ya NIDA kama mimi, piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa jina lako. Mimi nilikuta moja nisiyoijua, nikaenda kuifuta.

Mama nimemwambia ukweli wiki iliyopita. Alinyamaza, akauliza tu kama wale waliolipa ya simuleta walirudishiwa. Nikamwambia hapana. Akasema basi, angalau hatukufika huko, akaendelea kuchambua mchele.

Yule mdogo wangu amenitumia tangazo jipya. Jina la grupu limebadilika, picha ya ndege ni ileile, mhasibu ni mwingine. Joistiki kwenye picha ina selotepu nyeusi. Bei sasa ni 950,000, ofa inaisha leo saa sita usiku.