Sidecar ya nyumbani Kampala: hela iende kwenye chupa gani?

Wapenzi wa brandi mnaoishi Kampala, msijiumize kununua konyaki (brandi ya Ufaransa) ya bei mbaya ili mtengeneze kokteli ya Sidecar. Hela ziende kwenye likeri ya machungwa, yaani pombe tamu yenye ladha ya chungwa.

Kokteli yenyewe ina vitu vitatu: brandi, likeri hiyo na maji ya limau. Kwenye brandi natumia KWV ya Afrika Kusini, nami nimeridhika nayo kabisa. Sheria ya kwao inataka brandi iliyochemshwa kwenye mtungi wa shaba ilale katika mapipa ya mwaloni angalau miaka 3. Ikishakutana na limau, sioni sababu ya kulipia zaidi.

Likeri ndipo penye kazi. Zile za bei chee nimezionja, nyingi ni sukari na harufu ya peremende. Likeri ninayotumia, Cointreau, ina pombe asilimia 40 na harufu ya ganda la chungwa lililominywa sasa hivi, utamu wake una uchungu kidogo kwa nyuma. Ni ghali, ndiyo, ila glasi moja inakula mililita 20 tu, kwa hiyo chupa inakaa.

Kipimo changu ni brandi mililita 50, Cointreau 20, limau 20. Mapishi ya 1922 yalitaka vyote vitatu sawa kwa sawa. Kwangu hiyo ni kali mno, hasa kwa limau za soko la Nakasero, zile zenye ganda la mabonde na mbegu tele. Kamua papo hapo, chuja. Juisi ya limau ya chupa usiiguse, tafadhali.

Kopo maalumu la kutikisia si lazima. Chupa ya jamu yenye kifuniko kinachobana inafaa: jaza barafu, tikisa kwa nguvu mpaka vidole viume kwa baridi, kisha chujia kwenye glasi iliyotoka friza. Itashuka na rangi ya asali, juu ina utando mwembamba wa povu. Ukingo wa glasi hupakwa sukari; mimi napaka nusu tu, ili mnywaji achague upande.

Shemeji yangu, mtu wa waragi na soda, aliomba ya pili. Nilimpa, ya tatu nikamnyima: glasi moja ina pombe kuzidi bia ya nusu lita, naye alikuja na pikipiki. Akalala kwetu.