Suzuki Carry: kirikuu inavyohisi uzito wa dereva

Kirikuu, yaani pikapu ndogo ya Suzuki Carry, ya 660cc ina kilo 700 hivi, kwa hiyo dereva wa kilo 100 ni kama sehemu moja ya saba ya gari nzima. Kiti kiko mbele, upande wa kulia, na mzigo huo huelemea zaidi springi ya kona hiyo. Ikiwa tupu, gari hulalia kulia na nyuma inabaki nyepesi mno. Ukikanyaga breki ghafla kwenye changarawe, tairi za nyuma zinaweza kujifunga (kuacha kuzunguka) mapema na mkia ukateleza. Kasoro hii isipuuzwe.

Kwa mizigo ya soko la Majengo bado ni gari nzuri sana. Mzigo mzito panga kushoto, mbele kidogo ya ekseli ya nyuma, usizidi kilo 350.

Wakati wa alaimenti (kurekebisha pembe za tairi), mwombe fundi aweke kitini viroba vya mchanga vyenye uzito wako. Akipima kiti kikiwa kitupu, pembe za tairi hubadilika ukishakaa, na tairi ya kulia inaweza kuliwa upande mmoja. Shokapu moja ya mbele ikivuja, badilisha zote mbili.